AIBU SI YAKE
Mafundisho ya nyumbani kwa wababa, wamama na vijana

Masomo ya kusoma pamoja: 2 Samweli 13:1-22, Kumbukumbu la Torati 22:25-27, Mathayo 1:18-25



Tunawasalimu ninyi nyote mlio hapa Rugerero. Tunawasalimu mliovuka mpaka kutoka Goma, na ninyi mliotoka Masisi na Rutshuru mkapita kambi nyingine kabla ya kufika huku. Tunawasalimu pia wenyeji wetu waliopoteza nyumba zao mto Sebeya ulipofurika Mei 2023. Wengi kati yetu tulikimbia moto wa Nyiragongo tarehe 22 Mei 2021, tukarudi makwetu, kisha tukakimbia tena risasi mwishoni mwa Januari 2025. Mungu ametuchunga hata leo. Jina lake lihimidiwe.

Safari hii tunataka kusema nanyi juu ya jambo zito. Tunaomba wazazi walisome kwanza wao wenyewe, ndipo wawasomee watoto waliofika umri wa kuelewa. Tumejitahidi kutumia maneno ya heshima, lakini hatukuficha ukweli, kwa sababu kufichaficha ndiko kunakoua watu wetu.

Neno linalosemwa kwa kunong'ona

Kati ya shitingi na shitingi kuna habari zinazosemwa kwa sauti ya chini. Mama alikwenda kutafuta kuni, akakamatwa njiani na watu wenye silaha. Binti alichukuliwa porini, akarudi baada ya siku kadhaa. Tangu siku ile mumewe haongei naye, au amekwenda kwa mwanamke mwingine. Mama mkwe anasema nyumba imeingiwa na uchafu. Yule binti haitwi tena kuimba na wenzake, na waliokuwa wakileta habari za mahari wamenyamaza. Mtoto akizaliwa, hapewi jina la ukoo. Anaitwa "mtoto wa wale".

Ndugu, msitafute kujua tunamsema nani. Mambo haya hayakupata nyumba moja wala mbili. Madaktari Wasio na Mipaka walitoa hesabu kwamba katika mwaka wa 2023 peke yake walitibu watu zaidi ya 25,000 waliotendewa ukatili wa kingono katika Kongo. Hiyo ni zaidi ya watu wawili kila saa, mchana na usiku, mwaka mzima. Walio wengi walikuwa Kivu Kaskazini, katika kambi za waliohama makwao pembeni mwa mji wa Goma. Na hao ni wale waliofika kwa daktari tu.

Basi katika mkutano wetu wa Jumapili, yule anayekaa karibu nawe kwenye benchi anaweza kuwa mmoja wao. Anasikiliza kila mzaha tunaoufanya, na kila hubiri linalosema "mwanamke aliyeharibika". Tuangalie vinywa vyetu.

Mawazo matatu tuliyolelewa nayo

Hebu tujiulize: kwa nini anayetendewa ubaya ndiye anayeinamisha kichwa? Mtu akiibiwa mbuzi, hakuna anayemwonea haya mwenye mbuzi. Jirani wanakuja kumpa pole, na vijana wanakwenda kumtafuta mwizi. Lakini mwanamke akibakwa, jirani wanamkimbia yeye. Sababu yake iko katika mawazo tuliyolelewa nayo, ambayo hatukuyapata katika Injili.

Wazo la kwanza linasema heshima ya nyumba yote imewekwa ndani ya mwili wa mwanamke. Mwanamume anaweza kulala nje, na nyumba haianguki. Mwanamke akiguswa tu, hata kwa nguvu, hata mbele ya bunduki, nyumba imeanguka. Kwa wazo hili mwanamke ni kama mtungi wa maji wa familia: mtu mwingine akiuchafua, unatupwa mtungi, na aliyeuchafua anaachwa aende zake.

Wazo la pili linasema mtoto ni wa baba. Mama ni shamba, na baba ndiye mwenye mbegu. Kwa hiyo mtoto anahesabiwa ukoo wa baba na kabila la baba, hata kama mama ndiye aliyembeba miezi tisa na kumlea akiwa peke yake.

Wazo la tatu linasema mwanamume wa kweli hashindwi, halii, na lazima aweze kuilinda nyumba yake. Akishindwa kuilinda, si mwanamume tena. Ndiyo maana wababa wengi, wanapomwangalia mke aliyetendewa ubaya, hawaoni maumivu ya mke. Wanaona kushindwa kwao. Hawawezi kuvumilia kuona hivyo, basi wanamwondoa yeye mbele ya macho yao.

Mawazo haya matatu tunayaita desturi, na wengine wanayaita Biblia. Tutaona kwamba Biblia haisemi hivyo. Lakini kwanza tuone jinsi wauaji walivyoyatumia.

Adui aliyajua mawazo yetu

Katika nchi hii ya Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka wa 1994, wanawake wengi sana walibakwa. Mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya mwaka wa 1996, alikadiria idadi kuwa kati ya 250,000 na 500,000. Mambo hayo hayakuwa tamaa ya askari waliolewa tu. Yalipangwa.

Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha, Tanzania, ilimhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa bagamesta wa Taba, tarehe 2 Septemba 1998. Hukumu hiyo ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kusema kwamba kubaka kunaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari, sawa na kuua kwa panga. Wamama wa Taba ndio waliosimama mbele ya majaji wakasema waliyotendewa. Mwenzao mmoja, Godelieve Mukasarasi, aliyeanzisha chama cha SEVOTA cha kusaidia wajane na yatima, aliwatia moyo waende kushuhudia. Yeye mwenyewe aliuawa mume wake na binti yake mwaka wa 1996 kwa sababu ya ushuhuda huo. Hakurudi nyuma.

Majaji wale waliandika jambo ambalo kila baba anapaswa kulitafakari. Walieleza kwamba katika jamii ambapo mtoto huhesabiwa kuwa wa watu wa baba yake, adui anaweza kumpa mwanamke mimba kwa nguvu akikusudia azae mtoto ambaye hatahesabiwa kuwa wa watu wa mama yake. Walisema hiyo ni njia mojawapo ya kuzuia watu fulani wasizae. Walieleza pia kwamba mwanamke aliyebakwa anaweza kuumia rohoni hata akakataa kuzaa tena.

Tusome polepole hapo. Adui hakuhitaji kututungia wazo jipya. Alilikuta kwetu: mtoto ni wa baba peke yake, na mwanamke aliyeguswa hafai tena. Alijua kwamba akimtendea mwanamke mmoja ubaya kwa saa moja, mume atamaliza kazi kwa kumfukuza, ukoo utamaliza kazi kwa kumkataa mtoto, na kanisa litamaliza kazi kwa kumnyamazisha. Yeye ataondoka na bunduki yake, na sisi tutaendelea kuibomoa nyumba kwa mikono yetu wenyewe miaka 20 baadaye.

Kwa hiyo baba anapomkubali mke wake, anapomlea mtoto aliyezaliwa, anapokataa maneno ya shemeji na ya jirani, hafanyi wema wa nyumbani tu. Anamnyang'anya adui silaha yake. Anasema: kazi yako haitakamilika katika nyumba yangu.

Tamari na wanaume watatu

Sasa tufungue 2 Samweli 13. Tamari alikuwa binti wa mfalme Daudi. Kaka yake wa mama mwingine, Amnoni, alijifanya mgonjwa, akaomba Tamari aje kumpikia. Tamari alikwenda kwa utii, kama binti yeyote anayetumwa na baba yake. Amnoni alipomkamata, alikataa kwa maneno yaliyo wazi kabisa. Alimwambia jambo kama hilo halifanyiki katika Israeli. Lakini Amnoni alikuwa na nguvu kuliko yeye.

Angalieni mstari wa 15. Baada ya kumtendea ubaya, Amnoni alimchukia kuliko alivyokuwa amempenda, akaamuru mtumishi amtoe nje na kufunga mlango. Hapo hapakuwa na pendo tangu mwanzo. Tamari hakunyamaza. Alijitia majivu kichwani, akairarua kanzu yake, akaenda njiani akilia kwa sauti. Biblia haimlaumu kwa kulia hadharani, na haiulizi alikuwa amevaa nini.

Mwanamume wa pili ni Absalomu, ndugu yake wa tumbo moja. Alimwambia anyamaze na asilitie jambo lile moyoni. Alimpa mahali pa kulala, lakini hakumpa nafasi ya kusema. Tamari akakaa ukiwa katika nyumba ya ndugu yake. Ni watu wangapi kwetu wanafanya kama Absalomu? "Nyamaza, tusije tukaaibika. Nyamaza, dada zako wataolewa na nani?" Tunasema tunaficha aibu yake, kumbe tunaficha ya kwetu.

Mwanamume wa tatu ni Daudi mwenyewe. Mstari wa 21 unasema alipata habari zote akakasirika sana. Kisha hakuna kinachofuata. Mfalme, baba, mzee wa taifa alikasirika, akakaa kimya. Hakumwita Amnoni, wala hakumwendea binti yake. Matokeo yake mnayajua. Miaka miwili baadaye Absalomu alimuua Amnoni. Kisha Absalomu akamwasi baba yake, na Daudi akakimbia Yerusalemu, akipanda mlima miguu mitupu huku analia (2 Samweli 15:30). Mfalme naye akawa mkimbizi. Vita ile ilikuwa na mizizi katika chumba kile cha Amnoni na katika kimya kile cha baba. Mzee wa kanisa anayesikia habari akakasirika tu, kisha akaendelea na ratiba ya Jumapili, asome tena sura hii.

Torati inasema hana dhambi

Wako wanaosema, "Lakini lazima alikuwa na kosa. Kwa nini alitoka jioni? Kwa nini hakupiga kelele?" Hao tunawapeleka kwenye Kumbukumbu la Torati 22:25-27. Pale Musa anahukumu habari ya msichana aliyekamatwa shambani. Anasema anayepaswa kuadhibiwa ni mwanamume peke yake, na msichana asitendewe neno lolote, kwa kuwa hana dhambi. Halafu anatoa mfano: jambo hilo ni sawa na mtu anayemshambulia jirani yake na kumuua.

Tumeshasikia nani akimlaumu maiti kwa kuuawa? Torati inaliweka tendo hili katika fungu la uuaji, si katika fungu la uzinzi. Mke aliyebakwa hakuvunja ndoa. Anayemtaliki kwa kisingizio cha uzinzi anamshuhudia uongo.

Wengine watatuonyesha mistari ya 23 na 24, inayosema juu ya msichana wa mjini ambaye hakulia. Lakini soma sababu inayotolewa katika mstari wa 27: yule wa shambani hakuwa na mtu wa kumwokoa. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mwanamke aliyewekewa bunduki kichwani katikati ya mji, huku watoto wake wanatazama, naye hana wa kumwokoa. Tunaosoma Torati hatupaswi kumuuliza kwa nini hakulia. Tunapaswa kuuliza walikuwa wapi waliotakiwa kumsikia.

Yusufu na mtoto

Tuje kwa mtoto. Katika Mathayo 1, Yusufu anamkuta Mariamu ana mimba, naye anajua si yake. Kwa desturi ya watu wake alikuwa na haki ya kumwacha. Biblia inasema alikuwa mtu mwenye haki, na kwa sababu ya haki yake aliazimu kumwacha kwa siri, asimwaibishe. Kwa hesabu ya wanadamu ule ulikuwa wema. Bwana akamtaka afanye zaidi ya hapo. Malaika akamwambia asiogope kumchukua Mariamu, na kwamba yeye ndiye atakayempa mtoto jina.

Tusieleweke vibaya. Mariamu alichukua mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu. Hatulinganishi jambo takatifu na ukatili wa vita. Tunamtazama Yusufu. Mwana wa Mungu alipokuja duniani, hakutaka kuingia katika nyumba ya mbegu ya baba. Aliingia katika nyumba ya fundi aliyekubali kumwita mwanangu mtoto asiyemzaa. Ukoo wa Daudi, ambao Mathayo anauhesabu kwa majina mengi, unafika kwa Yesu kupitia kwa Yusufu aliyempokea. Na mara baada ya hapo Yusufu alimbeba mtoto na mama yake usiku, akavuka mpaka, akakimbilia Misri. Baba wa kambo wa mkimbizi mdogo.

Basi yule anayesema "siwezi kulea damu ya adui" ajue kwamba mtoto hana damu ya adui. Ana damu ya mama yake aliyeteswa, na ana pumzi ya Mungu. Ezekieli 18:20 inasema mwana hatachukua uovu wa baba yake. Katika Rwanda, watoto waliozaliwa kwa njia hiyo baada ya 1994 ni maelfu. Watu waliwaita watoto wa kumbukumbu mbaya, na wengine walipewa na mama zao majina ya huzuni. Leo wamepita umri wa miaka 30. Wamekuwa watu wazima, na wengine ni wababa na wamama. Walikua wakiuliza mimi ni wa nani, na kila ukoo ulielekeza kidole kwa mwingine. Tusiwafanyie watoto wetu hivyo. Kanisa liwe la kwanza kujibu: wewe ni wetu.

Sheria nazo zinaweza kutusaidia. Sheria ya uraia ya Kongo ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema mtoto ni Mkongo tangu kuzaliwa ikiwa mmoja wa wazazi, baba au mama, ni Mkongo. Haisemi baba peke yake. Kwa hiyo msikae na mtoto bila karatasi mkingoja jina la baba asiyejulikana. Mwandikisheni mapema, mkaombe cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye na karatasi atakimbia maisha yake yote hata vita vikiisha.

Neno kwa wababa

Wababa wetu, tunajua na ninyi mmeumia. Wengine mlifungwa kamba mkalazimishwa kutazama. Wengine mlikuwa mbali mkitafuta chakula, mkarudi mkakuta yametokea. Usiku hamlali. Pombe imekuwa rafiki kwa baadhi yenu. Hakuna mtu mwenye haki ya kuwaita ninyi si wanaume kwa sababu watu kumi wenye bunduki walimshinda mtu mmoja mwenye mikono mitupu.

Na kuna jambo linalonong'onwa chini zaidi. Wanaume nao wametendewa ukatili huu. Makerere, Uganda, kuna kituo cha sheria kwa wakimbizi kinachoitwa Refugee Law Project. Kwa miaka mingi kimesaidia wanaume waliobakwa vitani, na wengi wao ni ndugu zetu kutoka Kongo. Wengine walikaa miaka na majeraha mwilini bila kumwambia hata mke, maana lile wazo la tatu liliwaambia mwanamume hawezi kupatwa na jambo hilo. Baadhi yao walikusanyika wakafanya chama chao, wakaanza kusema na kutiana moyo. Ndugu, kama wewe ni mmoja wao, hujageuka kuwa mwanamke, wala hukulaaniwa. Umejeruhiwa. Nenda kwa daktari.

Kwa yule ambaye mke wake alitendewa ubaya tunasema mambo matatu. Kwanza, mwamini anapokuambia. Usimhoji kama polisi. Pili, usimlazimishe kitandani kwa kusema wewe ni mume na ulitoa mahari. Mwili wake unakumbuka hata pale akili inapotaka kusahau. Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 7 anasema mke ana mamlaka juu ya mwili wa mume kama mume alivyo nayo juu ya mwili wa mke, tena kwa kupatana. Wengi wananukuu nusu moja ya maneno hayo na kuiacha nyingine. Sheria ya Rwanda ya mwaka wa 2008 juu ya ukatili wa kijinsia nayo inakataza mume kumlazimisha mke. Tatu, mwende pamoja hospitali kupimwa, yeye na wewe. Asiende peke yake kama mshitakiwa.

Kuna wamama ambao kwa sababu ya majeraha hawakuweza kuzaa tena, na kwa hiyo wakaachwa mara ya pili. Hapa pia tunajua ya daktari na ya Biblia. Madaktari wanatufundisha kwamba nyumba inapokosa mtoto, mara nyingi, karibu nusu ya nyumba hizo, tatizo liko kwa mwanamume au liko kwa wote wawili. Wanatufundisha pia kwamba mbegu ya baba ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwa wa kiume au wa kike. Basi tuache kumlaumu mama kwa yote mawili. Na katika Luka 11:27-28 mwanamke mmoja alipaza sauti akilisifu tumbo lililomzaa Yesu. Bwana hakumkemea, lakini alimwambia kwamba heri ya kweli ni ya wanaosikia neno la Mungu na kulishika. Mbele ya Kristo mwanamke hapimwi kwa tumbo lake.

Mambo ya kufanya

Imani bila matendo imekufa, kwa hiyo tunaandika haya ili yabandikwe ukutani.

Mtu akitendewa ukatili, afike kituo cha afya mara moja, ndani ya saa 72. Ndani ya muda huo anaweza kupewa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, ambazo humezwa siku 28 bila kukatiza. Dawa ya kuzuia mimba isitunge inafaa mapema iwezekanavyo, na isizidi siku 5. Asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kuonana na daktari, kama anaweza. Lakini hata kama ameoga, hata kama miezi imepita, aende. Majeraha ya ndani na ya moyoni yanatibika hata baadaye.

Rwanda kuna vituo vinavyoitwa Isange. Neno hilo la Kinyarwanda linamaanisha jisikie uko nyumbani. Cha kwanza kilianza Kacyiru, Kigali, mwaka wa 2009, kisha vikaenezwa katika hospitali za wilaya. Mtu anapata daktari, mshauri na polisi mahali pamoja, bila kulipa. Ulizeni kituo cha afya kilicho karibu, watawaelekeza.

Kwetu Kongo tunaye Daktari Denis Mukwege wa Hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyofunguliwa mwaka wa 1999 na inayoendeshwa na kanisa. Yeye ni mwana wa mchungaji, na mwenyewe ni mhubiri. Pamoja na wenzake amewatibu wanawake makumi ya maelfu, na mwaka wa 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki, ambaye mwenyewe aliteswa vitani na hakukubali kunyamaza. Mwaka wa 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba ya Mukwege, akakimbilia Ulaya. Unajua nani walimrudisha? Wamama maskini waliouza matunda na mboga wakachanga pesa za tiketi yake. Alirudi Januari 2013. Hao ndio wanawake tunaowaita wameharibika.

Kwa viongozi: msimwite aliyetendewa ubaya mbele ya mkutano. Msimwondoe katika meza ya Bwana wala katika huduma, maana hana la kutubu katika jambo hilo. Msisuluhishe kwa mbuzi na kreti za bia kati ya familia mbili, wala msimwoze binti kwa aliyembaka. Akija kusema, mama mwenye busara amsikilize faraghani, na siri yake itunzwe. Mtoto wake awekwe wakfu mbele ya kanisa kama mtoto mwingine yeyote, kwa furaha ile ile.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Kati ya Amnoni, Absalomu na Daudi, ni nani tunayemwona zaidi katika jamii yetu?
2. Ni maneno gani tunayotumia yanayomtwika aibu mtu asiye na kosa? Tutayaacha lini?
3. Kama binti yetu angepatwa na ubaya leo, angeweza kutuambia? Kama asingeweza, ni kwa nini?
4. Mvulana wetu anajifunza nini kwetu juu ya kuwa mwanamume?

Tuombe

Ee Mungu uliyemsikia Hagari na mtoto wake wakilia jangwani, usikie na kilio kisichotoka nje katika shitingi zetu. Waponye binti zako na wana wako waliojeruhiwa. Wape wababa moyo wa Yusufu. Utunyang'anye mawazo ambayo adui aliyageuza kuwa silaha. Wape watoto wetu jina, nyumba na kesho. Utupe sisi tunaokuongoza watu wako ujasiri wa kutenda, tusikasirike tu kisha tukanyamaza. Katika jina la Yesu, aliyekuwa mkimbizi mchanga mikononi mwa baba aliyempokea. Amina.

Wapendwa, wiki hii mtembelee nyumba moja inayokwepwa na watu. Msiende na maswali. Nendeni na unga kidogo, mkae, mmbebe mtoto mapajani. Hilo pia ni hubiri.

Amani ya Bwana ikae nanyi.

Watumishi wenzenu katika shamba la Bwana, Rugerero.